Kuna Kitu Ndani ya Ukuta

Andiko: Walawi 14:33–53, Ezekieli 13:10–15, 2 Wafalme 22:3–8

Najua mkisikia Mambo ya Walawi wengi wenu mnaanza kutafuta mahali pa kuegemea. Hiki ndicho kitabu kinachowashinda wale wanaoanza Januari kusoma Biblia nzima kwa mwaka mmoja. Mwanzo wanamaliza, Kutoka wanavuka, wakifika Walawi wanapotelea huko. Leo naomba usifunge. Fungua sura ya 14 mstari wa 33, soma mpaka 53, kisha urudi hapa. Ni sheria ya nyumba ya kawaida, ya mawe na plasta, nyumba ambamo mtu analala na watoto wake, halafu siku moja anaona ukutani doa ambalo jana halikuwepo.

Angalia kwanza maneno haya yanatolewa lini. Musa na Haruni wako jangwani. Hakuna Mwisraeli hata mmoja mwenye nyumba. Wote wako kwenye hema. Na Mungu anaanza kuwaeleza habari za kuta zenye madoa! Ni kama kumwambia kijana anayelala kwenye kiti cha sebule ya ndugu yake jinsi ya kutengeneza paa linalovuja. Si ataona unamcheka? Lakini Mungu alikuwa anajua nyumba wanazoziendea si mpya. Soma Kumbukumbu la Torati 6:10–11: miji hawakuijenga wao, nyumba hawakuzijaza wao, visima hawakuvichimba wao. Sisi Wapentekoste tunaupenda sana mstari huo. Kila mkesha wa mwaka mpya tunaudai kwa sauti: pokea nyumba usiyoijenga! Na watu wanapokea, na mimi napokea pamoja nao. Ila nyumba usiyoijenga ina jambo moja ambalo sisi wahubiri huwa hatulitaji. Hukuwepo msingi ukichimbwa. Hujui fundi alichanganya saruji kiasi gani na alificha nini alipoona jioni inaingia. Mungu yule yule aliyeahidi nyumba alitoa na sheria ya doa, na alitoa ya doa mapema, kabla mtu hajashika ufunguo.

Nimeruhusiwa na ndugu mmoja na mkewe, washirika wetu hapa Nakuru, niwasimulie yao bila majina. Wamesema kama inaweza kumsaidia mtu, iandikwe.

Walinunua nyumba ya zamani, ya mawe, katika mojawapo ya mitaa ile mikongwe ya mji wetu. Waliinunua Januari. Waliochukua mkopo wa sacco wanajua maana yake: miaka ya akiba, wadhamini ambao ni marafiki, na makato yanayotangulia mshahara kufika nyumbani. Nyumba ilikuwa imepakwa rangi mpya, inanukia usafi. Wakaingia kwa maombi, tukaimba sebuleni, tukala. Nilikuwepo.

Machi mvua ndefu zikaanza. Wiki ya pili mama akahisi harufu kwenye chumba cha watoto, kama ya gunia lililolowa. Akavuta kabati. Nyuma yake rangi ilikuwa imefura kama ngozi iliyoungua, na chini yake unga mweupe, na unyevu uliopanda kutoka sakafuni mpaka usawa wa kiuno. Fundi akaja, akaeleza kwamba ukuta ule ulijengwa bila ile tabaka ya kuzuia maji chini, ambayo siku hizi kila mwenye ploti anaifahamu. Jiwe hunyonya maji ya ardhini jinsi utambi unavyonyonya mafuta ya taa. Na nje, kwa miaka mingi, watu walikuwa wameongeza udongo wa maua mpaka ukapita usawa wa sakafu ya ndani. Halafu akapanda darini. Akagonga mbao za paa kwa nyundo, nazo zikalia kama debe tupu. Mchwa. Ubao ukiutazama kwa nje ni mzima kabisa, kwa maana mchwa hula kwa ndani na kuacha ganda. Halafu bili ya maji ikaja maradufu, ikagundulika paipu za chuma chini ya sakafu zimeliwa na kutu na zinavuja usiku na mchana.

Wakaenda kwa wakili. Wakili akawasomea mkataba wao wenyewe: nyumba imeuzwa katika hali iliyonayo, na mnunuzi amekiri ameikagua. Unaweza kushtaki, akasema, lakini utathibitishaje kwamba mwuzaji alijua na akaficha? Wakatoka wamenyamaza. Na kimya kile wakakipeleka nyumbani. Ni nani aliyeipenda nyumba hii kwanza? Ni nani aliyesema tusingoje? Wapendwa, mimi nimekaa na wanandoa wengi, na nawaambia ukuta wenye unyevu unaweza kutenganisha vitanda haraka kuliko mambo mengi tunayoyakemea madhabahuni.

Hapo ndipo jamaa wakaingia na maelezo yao. Shangazi mmoja akasema nyumba ina laana ya waliotangulia. Mwingine akaleta habari za mtumishi fulani wa mbali ambaye angekuja kuisafisha nyumba kwa sadaka maalumu. Sasa nielewe vizuri. Naamini mapepo yapo, naamini mafuta, naamini Jina la Yesu lina mamlaka juu ya kila kiumbe. Lakini maji ya Musa yalitoka mwambani kwa muujiza. Haya ya chumba cha watoto yalitoka kwenye paipu. Rudi kwenye sura yetu. Mstari wa 34 hausemi mwenye nyumba amefanya dhambi. Tafuta, hutaipata. Bwana mwenyewe anasema ndiye atakayelileta pigo hilo katika nyumba ya milki yao, na hataji kosa la mtu. Kisha kuhani anaitwa, na jambo la kwanza analoamuru, mstari wa 36, ni nyumba itolewe vitu. Vitanda nje, vyungu nje, magunia nje. Kwa nini? Kwa sababu akishaingia na kutamka kwamba nyumba ni najisi, kila kilichomo ndani kitahesabiwa najisi. Ona huruma hiyo. Mungu wa mbingu na nchi anasubirisha hukumu ili sufuria za mama fulani ziokolewe kwanza.

Halafu kuhani anaingia, anatazama. Kama alama ni za kijani au nyekundu, na zimeingia ndani kuliko uso wa ukuta, anatoka mlangoni, anaifunga nyumba siku saba. Habomoi siku hiyo. Wala hatangazi sokoni. Anafunga, anangoja, anarudi. Ikiwa imeenea, mawe yenye pigo yanang'olewa na kutupwa nje ya mji, kuta zote zinakwanguliwa ndani pande zote, mawe mengine yanatiwa, plasta mpya inapigwa. Ikirudi tena baada ya hayo yote, nyumba inavunjwa, mawe yake, mbao zake na udongo wake. Isiporudi, ni safi.

Lakini mstari ninaotaka ukae nao ni wa 35. Ni nani anayempelekea kuhani habari? Ni mwenye nyumba. Hakuna askari wa kanju anayepita akigonga milango. Hakuna jirani anayeandika barua. Yule yule atakayepoteza zaidi ndiye anayepaswa kwenda na kusema, nahisi kuna kitu kama pigo nyumbani mwangu. Anajua kuhani anaweza kuamuru nyumba ivunjwe. Anajua kabati linatosha kuficha doa lile mwaka mzima. Na bado sheria yote ya sura hii, kila mstari wake, haianzi kufanya kazi mpaka mtu huyo afungue mdomo.

Walimu wa Kiyahudi wa zamani, katika Mishna, walisema kwamba hata kama mwenye nyumba ni msomi na anajua kabisa kile ni pigo, asiseme kwa uhakika. Aseme tu nimeona kitu kama pigo. Uamuzi ni wa kuhani. Mimi napenda hilo. Sisi tukiona doa tunafanya moja kati ya mambo mawili: ama tunasema si kitu, ama tunapiga yowe kwamba yote yamekwisha. Hao wazee walitaka mtu aseme alichokiona, basi, ampishe mwenye kazi yake aje na taa.

Sasa nirudi kwa ndugu zetu, maana hapa ndipo pagumu.

Mwezi wa Novemba mume alipata wazo. Mvua zilikuwa zinaelekea kuisha. Akasema tukwangue, tupige plasta ya saruji nzito, tupake rangi ya mafuta juu, tubadilishe dari ili mbao zisionekane, na Januari tuuze. Si ndivyo tulivyouziwa sisi? Na mnunuzi alipatikana hata kabla ya rangi kukauka: mwalimu mstaafu, mama mjane, mwenye kiinua mgongo chake mkononi, anatafuta mahali pa kuzeekea karibu na hospitali na kanisa. Akaipenda. Akatoa pesa kidogo za kushikilia nafasi. Kilichobaki ni sahihi.

Mke akakataa kutia sahihi. Na hapa Kenya, Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 haimruhusu mume au mke kuuza mali ya ndoa bila mwenzake kukubali. Kwa hiyo wakaja kwangu. Mume alikuja akitarajia nimkumbushe mkewe utii. Alizungumza vizuri, kwa heshima, na hoja yake haikuwa ya kijinga. Alisema, "Pasta, sisi hatukuiba. Tumedanganywa. Aliyetuuzia hakufungua mdomo na sheria inamlinda. Nina watoto watatu na mkopo. Huyo mwalimu akileta fundi wake akakagua asione kitu, hilo ni langu kweli?" Mke alisema sentensi moja tu: "Mwalimu ameniuliza chumba gani hakiingii baridi, maana ana kifua."

Ofisi ilinyamaza.

Nilisomea biashara kabla ya kusomea Neno, na kuna kitu nilikikumbuka pale. Mwaka 1970 mwanauchumi Mmarekani, George Akerlof, aliandika juu ya soko la magari yaliyokwisha kutumika. Mwuzaji anajua gari lake lina ugonjwa gani; mnunuzi hajui. Kwa kuwa mnunuzi hawezi kutofautisha zuri na bovu, anaogopa, anatoa bei ya chini kwa yote. Wenye magari mazuri wakiona bei hiyo wanayarudisha nyumbani, na sokoni yanabaki mabovu. Mwaka 2001 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili, kwa sehemu kubwa kwa ajili ya wazo hilo. Nikimsoma Akerlof namwona kila dalali wa mji huu. Yule aliyewauzia ndugu zetu alichukua pesa zao, na pia aliwafundisha kwamba ndivyo mji unavyokwenda. Wao wakiuza hivyo kwa mwalimu, mwalimu naye, au watoto wake, watajifunza. Na katika hesabu za vitabu hasara haifutiki kwa kupakwa rangi. Inatoka kwenye kitabu chako inaingia kwenye kitabu cha mtu mwingine, na huyu mwingine ana kifua na hana mshahara tena.

Lakini sikumjibu kwa uchumi. Nilimwuliza, yule Mwisraeli wa Walawi 14 alipewa nyumba na nani? Na Mkanaani. Mkanaani alimwambia habari za ukuta? Hakumwambia kitu. Mwisraeli alikuwa na kila haki ya kusema si mimi niliyejenga, si mimi niliyeleta. Ni kweli kabisa, na Mungu hambishii. Hamwulizi nani alianza. Anamwambia, ni wewe unayekaa humo sasa, nenda ukaseme.

Kisha tukasoma Ezekieli 13. Watu wanajenga ukuta dhaifu, na manabii wanaupaka chokaa. Mungu hakasirikii udhaifu wa ukuta peke yake, anawakasirikia wapakaji. Anasema mvua itanyesha kwa nguvu, mawe ya mvua yatashuka, upepo utaupasua, na ukuta ule utaanguka mpaka msingi wake uonekane. Na watu watauliza, chokaa mliyopaka iko wapi? Kila mtu wa Nakuru anayejua Aprili inavyofika anaielewa sura hiyo bila mchungaji.

Fundi wao alikuwa ameshawaambia jambo linalofanana na hilo, nao hawakulisikia vizuri. Plasta ya saruji nzito na rangi ya mafuta juu ya ukuta wenye unyevu haziondoi maji. Zinayafungia. Maji hayana pa kupumulia, basi yanapanda juu zaidi ndani ya jiwe kutafuta njia, na doa lililokuwa kiunoni mwaka huu mwakani liko kifuani. Ndugu, mimi nilikaa na sentensi hiyo wiki nzima. Nilifikiria watu ninaowajua. Nilifikiria kijana aliyeoa akiwa na mikopo ya simu ambayo mke hajui, na anaongeza suti. Nilimfikiria dada aliyeingia kwenye ndoa na jeraha la utotoni. Kila likiuma anaongeza tabasamu na zamu za kuimba kwaya. Nilifikiria familia ambazo baba amekufa ndipo wanapogundua shamba lina rehani. Hawa wengi hawakuanzisha ule unyevu. Waliukuta. Na sisi kanisani tumewasaidia kupaka, kwa sababu tunapenda ushuhuda unaong'aa.

Sasa kazi ya kweli ya ukuta ule ikoje? Nawaambia kwa sababu wako wengine wenu mnao. Unachimba mfereji nje kuzunguka nyumba, unashusha udongo uwe chini ya sakafu, unatia kokoto maji yapate njia. Unatengeneza mifereji ya paa ili maji yasimwagikie ukutani. Ndani unaikwangua ile plasta yote kupita mahali unyevu ulipofika, mpaka jiwe lionekane. Kisha unaliacha wazi. Hapo ndipo watu wanaposhindwa, maana jiwe linakauka kwa miezi, si kwa siku, na kwa miezi hiyo kila mgeni anayeingia sebuleni anaona ukuta wako ulivyo. Huwezi kumwambia mgeni asiangalie. Unakaribisha, unapika chai, mnakaa pale na ukuta uchi. Baadaye ndipo mnatia ile tabaka ya kuzuia maji kipande kwa kipande, na plasta inayopumua.

Zile siku saba za kuhani nilikuwa nikiziona kama urasimu. Sasa naona ni Mungu akikataa kumwacha mtu abomoe kwa hasira au apake kwa haraka.

Mume hakunijibu siku ile. Aliondoka bila kunipa mkono. Kwa wiki mbili sikumwona ibadani na sikumpigia; mkewe aliniomba nisimpigie. Kisha Jumamosi moja walikwenda wote wawili kwa yule mwalimu, wakamrudishia pesa zake, wakamwambia yote: ukuta, mbao, paipu. Mwalimu aliwasikiliza mpaka mwisho. Akawashukuru. Akasema hawezi kuinunua, hana nguvu za kujenga katika umri huo. Akawakaribisha chai.

Napenda ningewaambia kwamba wiki iliyofuata mkopo ulifutwa. Haukufutwa. Sacco inakata kila mwezi kama kawaida. Wanaishi vyumba viwili, chumba cha watoto kiko wazi kinakauka, na mbao za paa wanabadilisha upande mmoja mmoja jinsi pesa zinavyopatikana. Kilichotokea ni kidogo zaidi. Mwezi uliofuata mwalimu alipata nyumba nyingine ya kuangalia, akampigia yule mume. Alisema, "Baba, wewe sasa unajua mahali pa kutazama. Nisindikize." Akaenda naye. Akavuta makabati, akagonga mbao, akafungua mabomba yote kwa pamoja, akatazama kimo cha udongo nje. Akamwambia mwalimu asubiri mvua inyeshe ndipo aje tena kuangalia. Na akamwambia asitumie fundi aliyeletwa na mwuzaji, na wakili wake aende mwenyewe kufanya upekuzi wa hati kwenye ofisi ya ardhi, asipokee nakala mkononi mwa dalali. Kijana ambaye sisi tulikuwa tumemwona kama mtu aliyepoteza pesa, mama mjane alimwona kama macho yake.

Na kuna hili pia. Walipokwangua ile plasta walikuta chini yake mawe yaliyochongwa kwa mkono, yamepangwa na kufungana vizuri kiasi kwamba fundi aliwaita vijana wake waje kuona. Inanikumbusha Yosia, 2 Wafalme 22. Alikuwa mfalme tangu umri wa miaka 8, na katika mwaka wa 18 wa kutawala kwake akaamuru nyumba ya Bwana itengenezwe, nyumba iliyokuwa imepita mikononi mwa Manase na Amoni na machukizo yao. Pesa zikatolewa kwa maseremala, wajenzi na waashi, na Biblia inasema hawakudaiwa hesabu, kwa kuwa walikuwa waaminifu. (Mimi mtu wa hesabu nasema: sisi tuendelee kudai risiti.) Katika matengenezo hayo ndipo kuhani Hilkia alipokipata kitabu cha torati. Kilikuwa humo humo ndani ya nyumba. Miaka yote ile watu waliingia na kutoka, na Neno liko mle halijulikani, mpaka siku mfalme mmoja alipokubali kwamba nyumba hii aliyorithi imeharibika na inahitaji mafundi. Yosia aliposomewa alirarua mavazi yake. Hakufurahi hata kidogo siku ile. Lakini taifa lilipata tena kile lilichopoteza.

Mwisho wa Walawi 14 kuna ndege wawili. Nyumba imepona, pigo halikurudi. Kuhani anachukua ndege wawili, mti wa mwerezi, uzi mwekundu na hisopo. Ndege mmoja anachinjwa juu ya chombo cha udongo, kwenye maji ya uhai. Wa pili anachovywa pamoja na mwerezi, hisopo na uzi katika damu ya mwenzake na yale maji, nyumba inanyunyiziwa mara saba, kisha huyo aliye hai anaachiliwa nje ya mji, shambani, aruke. Ni karibu ibada ile ile aliyofanyiwa mwenye ukoma akipona, mwanzoni mwa sura hii. Mungu anaitendea nyumba kama mtu. Na wewe uliyesoma Agano Jipya unajua ni nani aliyechinjwa ili mwingine aruke, na alichinjiwa wapi: nje ya mji, kule kule yalikotupwa mawe yenye pigo. Waebrania 13:12 inasema aliteswa nje ya lango. Alikwenda mahali tunapotupa tusivyotaka vionekane.

Jumatano hii, baada ya maombi ya jioni, nitabaki ofisini. Mafundi wawili wa kanisa letu na dada mmoja wakili wamekubali kukaa nami bila malipo. Kama uko karibu kununua nyumba, au umenunua na umeona kitu, njoo na mkataba wako, njoo na picha za ukuta kwenye simu. Njooni mume na mke kama inawezekana. Na kama doa lako haliko kwenye nyumba ya mawe, kuna chumba cha nyuma. Mlango utafungwa, na hakuna atakayeandika chochote.